Nyumba ya kupangisha kwa mkopo Mengo: hesabu ya kufanya kabla ya kusaini

Mkopo wa benki hauifanyi nyumba izae zaidi. Kazi yake ni kukuza tofauti iliyopo kati ya kile nyumba inachozaa na kile benki inachotoza. Nyumba ikizaa zaidi ya riba, mwenye nyumba hufaidi pesa yake na ya benki pia. Ikizaa chini ya riba, mkopo humla mwezi baada ya mwezi, hata kama vyumba vyote vina watu na majirani wanamwita tajiri. Kampala ya leo, kwa nyumba nyingi za makazi, iko upande wa pili. Uchambuzi huu unaonyesha kwa nini, hatua kwa hatua, kwa nyumba ya aina inayojengwa na kuuzwa Mengo.

Nimechagua Mengo kwa sababu soko lake la wapangaji halitetereki kirahisi. Kilima hiki cha Kampala ndicho makao ya ufalme wa Buganda: jengo la bunge lake, Bulange, upande mmoja, kasri la Lubiri upande wa pili, na barabara ya Kabaka Anjagala katikati. Hospitali ya Mengo imekuwapo tangu 1897. Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, liko karibu kiasi kwamba mchuuzi anaweza kurudi nyumbani kwa miguu. Wauguzi, walimu, wanafunzi na wafanyabiashara wote wanatafuta chumba hapa. Iwapo hesabu ya mkopo inagoma mahali penye wapangaji kiasi hiki, pembezoni mwa jiji itagoma zaidi.

Nyumba yenyewe

Tuchukue nyumba ya safu, zile ambazo Kampala nzima huziita mizigo: milango minane inatazama ua mmoja wa saruji, kila mlango una chumba, sebule, choo na bafu la ndani. Ukutani kuna mita nane za umeme za Yaka, kila mpangaji ananunua tokeni zake. Maji yanapita kwenye mita moja ya shirika la maji la taifa, na bili inakuja kwa jina la mwenye nyumba. Nyuma ya ua kuna tangi la maji taka ambalo gari la kunyonya hulitembelea linapojaa.

Bei ya ununuzi ni shilingi milioni 400 za Uganda. Pango ni 450,000 kwa mwezi kwa kila mlango. Bei na pango nimevipanga mimi ili hesabu ionekane. Viwango vya kodi na ushuru ni vya sheria ya Uganda. Msomaji aweke tarakimu za nyumba yake mahali pa zangu, lakini afuate mpangilio uleule.

Hatua ya kwanza: kutoka pango la dalali hadi pango la mfukoni

Dalali hupiga hesabu hivi: milango 8 mara 450,000 ni milioni 3.6 kwa mwezi, milioni 43.2 kwa mwaka. Gawanya kwa milioni 400, upate 10.8%. Hapo anafunga daftari. Asilimia hiyo ni ya kweli kwa nyumba isiyokaa tupu hata siku moja, isiyopakwa rangi na isiyolipa kodi.

Kwanza ondoa muda wa vyumba kukaa tupu. Mpangaji anahama, chumba kinasafishwa, dalali anatafuta mwingine, na mwezi umekwisha. Tukadirie mwezi mmoja kwa mwaka kwa kila mlango: milioni 43.2 inashuka hadi 39.6.

Kisha toa gharama za kuiweka nyumba hai. Mlinzi ambaye pia ni mfagizi wa ua, kwa 200,000 kwa mwezi, anachukua milioni 2.4 kwa mwaka. Rangi, vitasa, mabomba na bati lililotoboka, milioni 2.4. Gari la maji taka na takataka, 600,000. Jumla milioni 5.4. Juu ya hapo Mamlaka ya Jiji la Kampala inatoza kodi ya majengo ya 6% ya thamani ya kikodi, ambayo hutokana na pango la mwaka baada ya makato. Anayeishi katika nyumba yake mwenyewe amesamehewa, anayepangisha hakusamehewa. Thamani hiyo ikiwekwa milioni 30, kodi ni milioni 1.8.

Kilichobaki ni milioni 32.4. Sasa nyumba inazaa 8.1%, na hatujamfikia bado mtoza kodi ya mapato.

Hatua ya pili: kodi isiyoijua riba

Hapa ndipo hesabu ya Uganda inapoachana na ile iliyomo katika vitabu vingi vya uwekezaji vya nje, na ndipo wengi wanapokosea. Vitabu hivyo vinasema riba ya mkopo ni gharama, na gharama hupunguza kodi. Kwa mtu binafsi Uganda haiko hivyo. Tangu mwaka wa fedha wa 2022/23, mtu binafsi anayepangisha analipa 12% ya pango lote linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kukata chochote: wala rangi, wala mlinzi, wala riba.

Kwa nyumba yetu: milioni 39.6 toa 2.82 ni milioni 36.78. Asilimia 12 yake ni 4,413,600. Mwenye nyumba aliyenunua kwa akiba yake na aliyekopa hadi shingoni wanalipa kodi sawasawa.

Wengine hushauriwa wasajili kampuni ili riba itambuliwe. Kampuni hulipa 30% ya kinachobaki baada ya gharama, lakini sheria inazuia gharama zisizidi nusu ya pango. Nyumba yetu ikiwa ya kampuni, hata kama riba na matengenezo vimemeza pango lote, kampuni itakata milioni 19.8 tu na kulipa 30% ya milioni 19.8 iliyobaki: milioni 5.94. Katika mfano huu kampuni inalipa zaidi ya mtu binafsi, na bado ina hesabu za kukaguliwa na kuwasilishwa kila mwaka.

Baada ya kodi, mtu binafsi anabaki na takriban milioni 27.99. Hiyo ni 7.0% ya milioni 400. Kutoka 10.8% ya dalali hadi 7.0% ya mfukoni, zaidi ya theluthi moja imeondoka, na benki haijatajwa.

Hatua ya tatu: benki inaingia

Tuseme benki inatoa 60% ya bei, milioni 240, kwa riba ya 17% kwa miaka 15. Mnunuzi anatoa milioni 160. Anaongeza ushuru wa stempu wa 1.5% kwa uhamisho wa hati, milioni 6. Kwa mthamini, wakili na ada za benki tuweke milioni 9. Pesa yake mwenyewe iliyoingia ni milioni 175. Wengi huandika 160 na kusahau hizo 15, kisha asilimia zote zinazofuata zinakuwa tamu kuliko ukweli.

Marejesho ya mkopo huo ni takriban shilingi 3,694,000 kila mwezi. Pango la milango yote minane, nyumba ikiwa imejaa, ni 3,600,000. Hata mwezi ambao hakuna chumba kitupu, hakuna kitasa kilichovunjika na hakuna kodi iliyolipwa, pango halifiki marejesho.

Kwa mwaka, benki inataka milioni 44.32. Nyumba inatoa milioni 27.99. Mwenye nyumba anajazia milioni 16.34, karibu milioni 1.36 kila mwezi, kutoka mshahara au dukani. Faida ya fedha taslimu kwa mtaji wake ni hasi 9.3%. Angenunua nyumba hiyohiyo kwa pesa yake yote, ada zikiwemo milioni 410 hivi, angepata chanya 6.8%.

Mwenye kukopa hujifariji kwamba kila marejesho yanapunguza deni. Yanapunguza, lakini mwanzoni ni kidogo mno: katika milioni 44.32 za mwaka wa kwanza, riba ni milioni 40.5, na deni linashuka kwa milioni 3.8 tu. Mwisho wa mwaka anadaiwa bado zaidi ya milioni 236.

Kwa nini riba iko juu hivyo? Benki Kuu ya Uganda ilishusha riba yake elekezi hadi 9.75% Oktoba 2024, lakini serikali yenyewe hukopa sokoni kwa hati fungani za miaka mingi ambazo katika miaka ya karibuni zimelipa zaidi ya 15%. Benki inayoweza kuikopesha serikali kwa kiwango hicho, bila wasiwasi wa kudaiana, haina sababu ya kumkopesha mwenye mizigo kwa bei rahisi kuliko hapo.

Kuna wanaokimbilia mkopo wa dola kwa sababu riba yake ni ndogo. Mpangaji wa Mengo analipa kwa shilingi, na sheria ya 2022 ya wenye nyumba na wapangaji imeweka shilingi kuwa sarafu ya pango pasipo makubaliano mengine. Mwaka 2015 dola ilipanda kutoka takriban shilingi 2,800 mwanzoni mwa mwaka hadi zaidi ya 3,500 kufikia Septemba. Aliyekuwa na deni la dola na pango la shilingi aliona deni lake likikua kwa robo ndani ya miezi michache, huku pango likiwa palepale.

Hatua ya nne: miaka kumi mbele

Mtetezi wa mkopo atasema mwaka mmoja si kipimo. Pango litapanda na ardhi ya Mengo itapanda. Ni hoja ya haki, na inastahili hesabu yake.

Pango lipande 5% kila mwaka, sawa na lengo la mfumuko wa bei la Benki Kuu, na gharama zipande hivyohivyo. Upungufu wa milioni 16.34 wa mwaka wa kwanza unapungua kila mwaka, na mwaka wa kumi unabaki milioni 1.1. Bado ni upungufu. Katika miaka yote kumi hakuna mwaka hata mmoja ambao nyumba imejilipia. Jumla ya alichojazia mwenye nyumba ni takriban milioni 92, juu ya zile 175 za mwanzo, na bado anadaiwa milioni 148.6.

Je, apandishe pango haraka zaidi? Sheria ile ya 2022 inazuia nyongeza isizidi 10% kwa mwaka. Ili nyumba ijilipie, pango linatakiwa lifike kama 661,000 kwa mlango, gharama zikibaki palepale. Kutoka 450,000, hata nyongeza nne za juu kabisa zinafika 658,800, chini kidogo ya hapo. Anahitaji ya tano. Na muuguzi au mchuuzi anayeongezewa 10% kila mwaka atavuka kwenda mitaa ya Ndeeba au Nateete muda mrefu kabla ya nyongeza hiyo ya tano.

Kwa hiyo faida yote inategemea bei ya kuuzia. Tupime kwa kitu ambacho mnunuzi angeweza kufanya bila mpangaji wala tangi la maji taka: hati fungani ya serikali ya miaka 10. Tuseme inalipa 15%. Kodi ya zuio kwa hati za miaka 10 na kuendelea ni 10% ya riba, hivyo anabaki na 13.5%. Nyumba ipande bei kwa kiasi gani ili ilingane na hati hiyo?

Aliyenunua kwa pesa yake yote anahitaji nyumba ifike takriban milioni 824 baada ya miaka kumi, ongezeko la 7.5% kila mwaka. Aliyekopa 60% anahitaji ifike takriban milioni 975, ongezeko la 9.3% kila mwaka, na hapo sijatoa gharama za kuuza. Mkopo umepandisha kiwango anachotakiwa kukivuka. Ili kufikia hatua ambayo mkopo unamsaidia kweli, yaani aliyekopa anapata asilimia kubwa kuliko aliyelipa taslimu, bei ya nyumba inapaswa kupanda zaidi ya 12% kila mwaka kwa miaka kumi mfululizo.

Huenda ardhi ya Mengo ikapanda hivyo. Basi anayekopa ajue kwamba anachonunua ni dau juu ya bei ya ardhi, na kwamba pango linamsaidia tu kulihimili dau hilo. Mtu anaweza kuchagua hivyo akiwa macho, ilimradi asidhani amenunua chanzo cha mapato.

Ardhi chini ya nyumba

Mengo ina jambo moja zaidi linaloingia moja kwa moja kwenye hesabu: aina ya umiliki. Mkataba wa Buganda wa 1900 ulizaa ardhi ya mailo, inayomilikiwa bila kikomo cha muda. Falme zilifutwa 1967, na mwaka 1993 sheria ikarudisha mali za watawala wa jadi. Leo Bodi ya Ardhi ya Buganda ndiyo inayosimamia ardhi ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Kwa hiyo ukipita mtaa mmoja unaweza kukuta hati ya mailo ya mtu binafsi, upangaji wa muda mrefu kutoka kwa Bodi, na kibanja, yaani haki ya kukalia ardhi ya mwingine, kisicho na hati yoyote.

Kila kimoja kina hesabu yake. Upangaji wa miaka 49, aina iliyohimizwa sana na utawala wa Buganda tangu kampeni ya Ekyapa mu Ngalo (hati mkononi) ya 2017, unapungua mwaka hadi mwaka. Ukinunua ukiwa umebaki miaka 30, ukauza baada ya kumi, mnunuzi wako ananunua miaka 20, na benki yake itauliza kama miaka hiyo inatosha mkopo. Huwezi kuchukua ongezeko la bei la mailo ukalibandika kwenye upangaji unaoelekea ukingoni. Ada ya kila mwaka ya ardhi nayo iwekwe kwenye gharama.

Hati ya mailo yenye watu wa bibanja juu yake ni suala jingine. Sheria inawalinda wasiondolewe isipokuwa kwa kutolipa busuulu, ada ya kila mwaka kwa mwenye ardhi, na kwa amri ya mahakama. Fidia ya kukubaliana nao ni sehemu ya bei ya ununuzi, iandikwe humo. Na mwenye kibanja kisicho na hati kwa kawaida hapati rehani ya benki kabisa. Hubaki na chama cha akiba na mikopo au mkopeshaji binafsi, ambako muda ni mfupi na marejesho ni makali kuliko yote tuliyoona.

Kiasi ambacho nyumba inaweza kubeba

Hesabu hiihii iliyotuonyesha shimo inatuonyesha pia njia. Kwa riba ya 17% na miaka 15, kila shilingi 100 za mkopo zinadai shilingi 18.47 kwa mwaka. Gawanya pango la mfukoni, milioni 27.99, kwa 18.47%: unapata takriban milioni 151.5. Huo ndio mkopo ambao nyumba inaulipa wote yenyewe na kubaki na sifuri. Ni 38% ya bei, mbali na 60% ambayo benki iko tayari kutoa. Benki huangalia kama wewe unaweza kulipa, mshahara wako ukiwemo. Swali la nyumba kujilipia ni lako kuliuliza.

Sifuri nayo haitoshi, maana mwezi mmoja zaidi wa vyumba vitupu unaondoa karibu milioni 3.2 baada ya kodi. Acha nafasi ya robo: mkopo usizidi takriban milioni 120, yaani 30% ya bei. Hapo marejesho ni milioni 22.2 kwa mwaka, na nyumba inabakiza kama milioni 5.8. Ni kidogo, lakini ni chanya, na mwezi mbaya haukupeleki kwa mkopeshaji wa pili. Chini ya Sheria ya Rehani ya 2009, benki ikitoa notisi ya kushindwa kulipa una siku 45 za kazi, kisha 21 za notisi ya kuuza. Mwenye nyumba anayeibeba nyumba kwa mshahara akipoteza kazi, siku hizo ni chache sana.

Ndiyo maana wajenzi wengi wa mizigo Kampala hujenga kwa awamu: msingi wa milango minane, milango minne inakamilishwa kwanza, wapangaji wanaingia, na pango lao linainua minne iliyobaki. Wachumi wengine huiona njia hii kuwa ya kizamani. Kwa riba ya 17% na nyumba inayozaa 7%, ndiyo iliyopigiwa hesabu sahihi. Hasara yake ni muda, pamoja na saruji inayopanda bei wakati wa kungoja, na hizo nazo ziandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, andika tarakimu tatu kwenye karatasi moja: pango la mfukoni (baada ya mwezi mtupu, gharama na kodi), marejesho ya mwaka kama benki ilivyoyaandika, na pesa yako yote iliyoingia, ada zikiwemo. Ya kwanza ikiizidi ya pili kwa robo, endelea. Ikipungua, punguza mkopo, punguza bei, au subiri. Na ukiamua kuendelea kwa sababu unaamini ardhi itapanda, andika pembeni ipande kwa asilimia ngapi kila mwaka, kisha utafute mauzo mawili au matatu ya kweli ya mtaa huohuo, yenye hati ya aina hiyohiyo, uone kama yamewahi kufika hapo.